Chensoo ya mtumba: Lipia injini, usilipie rangi

Na Mwandishi Wetu

KIZURI chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii inamfaa kila anayekwenda kutafuta msumeno wa mnyororo uliokwishatumika, ule ambao mafundi na wapasua mbao huuita chensoo. Ni bidhaa isiyo na kadi kama gari, isiyo na kipimo cha kilometa, na inayoweza kupakwa rangi kwa nusu saa ikaonekana imetoka dukani jana. Mnunuzi asiyejua pa kutazama hulipa bei ya mashine nzima, akabeba chuma chakavu.

Leo ukurasa huu hauzungumzi na mvunaji mkubwa wa magogo wa Sao Hill. Unazungumza na mfanyabiashara mwenye shamba Kibaha au Mkuranga, mwenye miembe na mikorosho mizee ya kupunguza matawi, na yule aliyewekeza katika ekari chache za misindano au mikaratusi kule Mufindi na Njombe, ambaye amechoka kumsubiri mtu wa kumkatia. Kwake yeye chensoo ni mtaji mdogo, na mtaji hauwekwi bila hesabu.

Kwanza hesabu, kisha soko

Swali la kwanza si chensoo gani, bali ni siku ngapi kwa mwaka utaitumia. Tuchukue mfano wa tarakimu rahisi, ambazo si bei za soko. Tuseme umenunua mashine ya mtumba kwa sh. 500,000, na kila mwaka unatumia sh. 60,000 kwa plagi, tupa, cheni na fundi. Baada ya miaka mitano umetumia sh. 800,000. Ukiiuza kwa sh. 200,000, gharama halisi ni sh. 600,000, yaani sh. 120,000 kwa mwaka, bila kuhesabu petroli na jasho lako.

Kama mkataji mwenye mashine yake anakutoza sh. 40,000 kwa siku, gharama hiyo ni sawa na siku tatu zake. Anayekata siku mbili kwa mwaka heri akodi. Anayekata siku kumi ana sababu ya kumiliki. Weka bei za mahali ulipo katika hesabu hiyo kabla ya kutoka nyumbani. Wengi huifanya baada ya kununua.

Ukubwa wa kazi za nyumbani

Kosa la pili ni kudhani kwamba mashine kubwa ndiyo imara. Kwa kupunguza matawi, kukata kuni na kuangusha miti ya unene wa kawaida, injini ya ujazo wa sentimita 30 hadi 45 inatosha, ikiwa na ubapa wa inchi 14 hadi 16. Mashine ya namna hiyo ina uzito wa kilo nne hadi tano, na mtu asiye mzoefu anaweza kuidhibiti.

Linganisha na Stihl 070, mashine maarufu ya wavuna magogo. Ina ujazo wa sentimita 106 na uzito unaopita kilo kumi hata kabla ya kufungwa ubapa. Ni mashine ya kazi nzito, lakini kwa mtu wa nyumbani ni mzigo, inakunywa petroli, na ikimrukia itamshinda nguvu.

Hapo ndipo penye mtego wa bei. Chensoo kubwa iliyotoka kwa mkandarasi inaweza kuuzwa karibu sawa na ndogo, na mnunuzi akaona amepata chuma kingi kwa fedha ile ile. Lakini mashine ya mkandarasi huweza kufanya kazi katika wiki moja saa ambazo ya nyumbani huzifanya mwaka mzima. Uliza ilikuwa ya nani na ilifanya kazi gani. Chensoo ya umri wa miaka minane iliyokuwa ya mwenye shamba inaweza kuwa changa kuliko ya mwaka mmoja iliyotoka msituni.

Jina lina thamani kwa sababu ya vipuri

Stihl ya Ujerumani ilianzishwa mwaka 1926, na Husqvarna ya Uswidi ilianza kutengeneza misumeno ya mnyororo mwaka 1959. Majina haya yana bei, na sababu kubwa ni vipuri: pistoni, kabureta na klachi za aina zinazotumika sana hupatikana, na mafundi wamezizoea. Jina lisilo na vipuri katika mji wako halina thamani, hata kama mashine inanguruma vizuri.

Kwa sababu hiyo hiyo majina makubwa huigwa. Tazama namba ya mashine iliyopigwa kwenye mwili wa injini; ikiwa haipo au imekwanguliwa, simama hapo. Tazama herufi za jina, ukingo wa plastiki na unadhifu wa chuma. Nakala inaweza kukata mti, lakini isilipiwe bei ya jina.

Fika asubuhi, mashine ikiwa baridi

Muuzaji mjanja huiwasha mashine kabla hujafika. Injini yenye joto huwaka kwa urahisi, na ugonjwa wake hauonekani. Mwambie mapema kwamba unataka kuiona ikiwa baridi. Ukifika, weka kiganja karibu na kifuniko cha bomba la moshi. Kukiwa na joto, kaa, zungumza, ngoja ipoe.

Uhai wa injini hii ni kompresheni, yaani nguvu ya pistoni kubana hewa ndani ya silinda. Kuna jaribio la haraka. Injini ikiwa imezimwa, inua mashine kidogo kutoka chini kwa kushika mpini wa kamba ya kuwashia. Ikishuka polepole kwa kusitasita, kompresheni ipo. Ikiteremka moja kwa moja kama ndoo kisimani, pistoni na ringi zimechoka. Kwa mashine yenye kitufe cha kupunguza kompresheni, hakikisha hakijabonyezwa.

Jaribio hilo ni la kuchuja tu. Kipimo cha kukata shauri ni geji ya kompresheni inayofungwa kwenye tundu la plagi. Paundi 130 kwa inchi ya mraba kwenda juu ni dalili njema. Chini ya 100, hesabu kwamba unanunua mashine inayodai pistoni mpya.

Kisha omba kifuniko cha bomba la moshi kifunguliwe. Ni kazi ya skrubu mbili au tatu, na muuzaji mwaminifu hatakataa. Vuta kamba taratibu huku ukimulika tochi kupitia tundu la moshi. Ubavu wa pistoni uwe laini. Ukiona mikwaruzo ya kusimama, kama iliyochorwa kwa msumari, mashine hiyo inaelekea iliwahi kutiliwa petroli isiyo na oili ya 2T ya kutosha.

Injini hii haina oili yake pembeni kama ya gari. Oili huchanganywa na petroli. Mchanganyiko unaotajwa sana ni 50 kwa 1, sawa na mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, na oili isiyo ya daraja hilo huhitaji 25 kwa 1, yaani mililita 40. Dakika chache za petroli tupu zinatosha kuua silinda, na silinda na pistoni ndivyo vipuri vya gharama kubwa.

Iwashe, kisha iache

Mashine nzima ikiwa baridi huwaka kwa mivuto michache. Iache ingurume polepole bila kubonyeza mafuta. Cheni isitembee. Ikitembea, ama kasi imerekebishwa vibaya, ama springi za klachi zimelegea. Iinamishe kulia na kushoto: mlio ukipanda wenyewe, huenda kuna hewa inayoingia kupitia sili za krenki, na hewa hiyo huunguza pistoni hata kama petroli imechanganywa sawasawa.

Kisha jaribu breki. Cheni ikizunguka, sukuma mbele kinga ya mkono; isimame papo hapo. Breki hii si pambo. Ncha ya ubapa ikigusa mti vibaya, msumeno huruka nyuma kuelekea uso wa mkataji kwa kasi ambayo mkono hauwezi kuiwahi. Chensoo isiyo na breki, au ambayo kinga yake imevunjwa, usiinunue kwa bei yoyote mpaka itengenezwe.

Mwisho elekeza ncha ya ubapa kwenye kipande cha boksi au mbao nyeupe bila kugusa, uongeze mafuta. Mstari wa oili ujitokeze. Usipojitokeza, pampu ya oili ya cheni imeziba au imekufa. Uliza ilikuwa ikitiliwa oili gani. Wengi hutia oili chafu ya gari ili kubana matumizi, na uchafu na vumbi la chuma vilivyomo huila pampu na ubapa.

Vitu vinavyokula faida

Cheni, ubapa na sproketi huchakaa pamoja. Tazama meno ya cheni: yakiwa mafupi kwa kunolewa mara nyingi, siku zake zimekwisha. Pitisha kidole kwenye mfereji wa ubapa, injini ikiwa imezimwa; kingo zisipolingana, msumeno utakata kwa kupinda. Sproketi yenye mitaro mirefu itaharibu cheni mpya upesi. Hakuna ubaya kununua mashine yenye vitu hivi vimechoka, mradi injini ni nzima na bei inajua hivyo.

Bei ya kutoa

Kanuni ya ukurasa huu ni nyepesi. Uliza dukani bei ya mashine mpya ya aina hiyo hiyo. Nusu ya bei hiyo ndiyo dari, kwa chensoo isiyo na kasoro. Kutoka hapo toa kila kitu kinachohitaji kubadilishwa.

Kwa mfano, tuseme mpya ni sh. 1,000,000; dari ni sh. 500,000. Cheni na ubapa ni sh. 100,000, sproketi sh. 30,000, fundi sh. 30,000. Bei yako ni sh. 340,000. Muuzaji akikaza sh. 450,000, jua kwamba mpaka iingie kazini itakuwa imekugharimu sh. 610,000, na haina dhamana. Kama kasoro ni kompresheni, usibishane bei. Ondoka, isipokuwa kama unanunua vipuri.

Tenga pia fedha za kofia, miwani, glovu, buti, suruali ya kinga na vifaa vya kuziba masikio, kwa kuwa mlio wa chensoo hupita desibeli 100. Mnunuzi aliyemaliza fedha zote kwenye mashine huingia shambani na kandambili, na gharama ya hospitali haimo katika hesabu yoyote tuliyoifanya hapo juu.

Karatasi

Mwisho ni maandishi. Ukinunua dukani, dai risiti ya EFD. Ukinunua kwa mtu binafsi, andikeni hati ya mauziano yenye majina, namba ya mashine, bei, tarehe na shahidi. Chensoo ni rahisi kuiba na rahisi kuuza, na anayekutwa na mali ya wizi ndiye huulizwa kwanza.

Kabla ya kulipa, pita ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) ya wilaya yako, uulize kuhusu usajili wa mashine na vibali vya miti unayokusudia kukata. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadhibiti uvunaji, na mbao au kuni za biashara zikipanda gari zinahitaji hati ya kusafirishia. Aliyejua hayo mapema hafungi mtaji wake kwenye kizuizi cha barabarani.

Kwa kifupi: hesabu siku zako, fika asubuhi, pima kompresheni, mulika pistoni, jaribu breki, kisha ndipo utaje bei. Muuzaji anayekukataza lolote katika hayo amekwisha kukuambia hali ya mashine yake.