Vita vya Majimaji: kwa nini vitabu vipya vinaeleza tofauti na tulivyofundishwa?

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba mwaka 1905 makabila ya kusini mwa Tanzania yaliungana kwa imani ya maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yakapigana na Wajerumani, yakashindwa. Je, tulidanganywa? Hapana. Lakini hatukuelezwa yote.

Maelezo ya zamani yalitoka wapi?

Kwa muda mrefu habari nyingi zilizoandikwa zilikuwa za watawala na wamisionari. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka vita hivyo. Mwanahistoria Gilbert Gwassa naye alikusanya simulizi nyingi za Umatumbi. Nchi ilikuwa changa, na habari ya watu waliosimama pamoja ndiyo iliyosikika zaidi.

Vitabu vipya vinasema nini?

Mwaka 2010 James Giblin na Jamie Monson walihariri kitabu cha wataalamu mbalimbali kuhusu vita hivyo. Kinaonyesha kuwa kila eneo lilikuwa na sababu zake. Umatumbi watu walichoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu, na Julai 1905 waliing'oa huko Nandete. Kwingine wawindaji walikuwa wamebanwa katika uwindaji wa tembo na biashara ya pembe. Habari ya maji ilienea, lakini kila jamii iliipokea kwa kuangalia shida zake.

Walikufa wangapi?

Serikali ya Wajerumani ilitaja watu 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa njaa, baada ya askari kuchoma maghala na mashamba. Waliokufa hivyo vijijini hawakuhesabiwa mmoja mmoja.

Kwa nini jambo hili lituhusu leo?

Kwa sababu halijaisha. Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda huko kuomba radhi. Ukoo wa Nduna Songea Mbano bado unatafuta fuvu lake, linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Madai ya namna hii huhitaji ushahidi, na sehemu ya ushahidi huo iko katika kumbukumbu za familia.

Msikilizaji unaweza kufanya nini?

Walioviona vita hawapo tena, lakini wajukuu waliosimuliwa bado wapo. Simu yako inaweza kurekodi sauti. Mwombe mzee ruhusa kwanza. Anza kwa kutaja jina lake, kijiji na tarehe ya siku hiyo. Muulize nani alimsimulia, na kwa nini mlima au mto fulani uliitwa jina lile. Usimkatize, wala usimsahihishe kwa yale uliyosoma shuleni. Kisha mtumie ndugu mwingine nakala, maana simu ikipotea, na maneno ya mzee yatakuwa yamepotea.