Kuhamia Charleston: Kwa nini swali la kwanza liwe maji, si bei ya nyumba?

Baridi inapokolea katika majimbo ya kaskazini mwa Marekani, mazungumzo ya aina moja hurejea katika familia nyingi za wahamiaji, zikiwemo zinazozungumza Kiswahili: kwa nini tusihamie Kusini, kwenye jua, bahari na kazi? Miongoni mwa majina yanayotajwa ni Charleston, jiji la bandari katika jimbo la South Carolina, lililoanzishwa na Waingereza mwaka 1670 na ambalo leo lina wakazi wapatao 150,000.

Mvuto wake si wa kubuni. Nyumba zake za kale zina upana wa chumba kimoja tu. Zimeupa mtaa ubavu, na upande mmoja zimewekewa baraza ndefu ili zipate upepo. Mtu aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar hahitaji kuelezwa kwa nini wajenzi wa nchi ya joto na unyevunyevu waliamua hivyo. Mwaka 1931 Charleston lilikuwa jiji la kwanza nchini Marekani kupitisha kanuni za kulinda mtaa mzima wa majengo ya kihistoria, na ndiyo maana majengo hayo bado yapo.

Kazi pia zipo. Tangu mwaka 2021 ndege zote za Boeing aina ya 787 huunganishwa katika kiwanda kilichoko North Charleston. Kuna bandari kubwa ya makontena, hospitali ya chuo kikuu cha tiba na kambi ya jeshi.

Lakini anayepiga hesabu ya kuhama kwa kulinganisha mshahara na bei ya nyumba ameruka swali linalotangulia mengine yote: nyumba hiyo imesimama juu ya nini?

Ardhi ya kifusi

Kitovu cha Charleston ni rasi nyembamba kati ya mito miwili, Ashley na Cooper. Walowezi wa kwanza, ambao baadhi yao walitoka kisiwa cha Barbados, walihamia hapo mwaka 1680 kutoka ng'ambo ya mto Ashley. Rasi hiyo wakati huo ilikuwa imekatwakatwa na vijito na vinamasi vya maji ya chumvi. Kwa zaidi ya karne mbili wakazi walivifukia kwa chochote kilichopatikana: takataka, vumbi la mbao, udongo na kifusi. Barabara inayoitwa Water Street ilikuwa kijito. Soko la jiji, ambalo watalii hulipiga picha kila siku, liko mahali palipokuwa na kijito kingine.

Bahari inapojaa kupita kiasi, maji hufuata ramani ya zamani. Hutokea kwenye mifereji ya chini ya barabara hata siku ambayo hakuna tone la mvua. Vyombo vya habari vya Marekani vimebuni jina la mafuriko hayo kwa kuyahusisha na siku ya jua. Sisi tunaotafsiri habari hizo hatuna haja ya kuhangaika, maana watu wa pwani yetu wana neno lao tangu zamani: ni maji ya bamvua, yale yanayojaa sana mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Tofauti ni kwamba bamvua la Charleston sasa hufika mlangoni.

Kipimo cha maji kilichoko bandarini kinaonyesha kuwa katika miaka 100 usawa wa bahari umepanda kwa zaidi ya sentimita 30, kwa sababu bahari inapanda huku ardhi nayo ikididimia polepole. Mwaka 2019 pekee, maji yalivuka kiwango cha mafuriko zaidi ya mara 80. Na si lazima dhoruba ipige jiji lenyewe. Septemba 2017 kitovu cha kimbunga Irma kilipita mbali upande wa magharibi, lakini maji yake yaliingia katika mitaa ya rasi na kufunika bustani iliyoko kwenye ncha yake. Wazee hukumbuka zaidi kimbunga Hugo cha Septemba 1989, ambacho kilitua karibu kabisa na jiji.

Serikali haijakaa kimya. Jiji limekuwa likichimba mahandaki makubwa chini ya ardhi ili kuyaondoa maji ya mvua. Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani nacho kimependekeza ukuta wa takriban kilomita 13 kuizunguka rasi, kwa makadirio ya zaidi ya dola bilioni moja. Serikali kuu ingelipa asilimia 65 na sehemu iliyobaki ingelipwa na upande wa jiji. Bunge la Marekani liliidhinisha mpango huo Desemba 2022. Hata hivyo kuidhinishwa si kujengwa, na anayenunua nyumba leo asiuhesabu ukuta huo kana kwamba umeshasimama. Aidha, ukuta huzuia mawimbi ya dhoruba. Hauzuii mvua inayonyesha ndani yake.

Bima nne kwa paa moja

Hapa ndipo hesabu za wengi hugeuka. Nchini Marekani bima ya kawaida ya nyumba hailipii mafuriko. Mwenye nyumba hulazimika kununua bima nyingine, ambayo kwa kawaida hutolewa kupitia mpango wa taifa ulioanzishwa mwaka 1968. Mpango huo una kikomo: dola 250,000 kwa jengo la makazi ya familia na dola 100,000 kwa vyombo vilivyomo. Kama nyumba imenunuliwa kwa dola 600,000, tofauti inabaki mikononi mwa mwenyewe. Bima hiyo pia, kwa kawaida, haianzi kufanya kazi hadi siku 30 zipite tangu inunuliwe, ila pale inaponunuliwa pamoja na mkopo wa nyumba. Anayesubiri kusikia habari za kimbunga ndipo akimbilie kwa wakala amechelewa.

Benki hudai bima ya mafuriko pale tu nyumba inapokuwa ndani ya eneo lililotajwa kwenye ramani rasmi kuwa la hatari kubwa. Wanunuzi wengi hulichukulia hilo kama cheti cha usalama: benki haikudai, basi hakuna hatari. Ni kosa, na ni kosa la gharama. Tangu Oktoba 2021 ada za mpango wa taifa hupangwa kwa kuangalia nyumba moja moja, yaani umbali wake na maji, kimo cha sakafu yake na gharama ya kuijenga upya. Nyumba mbili zilizo mtaa mmoja zinaweza kulipa ada zinazotofautiana sana. Inafaa pia kumuuliza muuzaji kama bima yake inaweza kuhamishiwa kwa mnunuzi, kwa kuwa baadhi ya wamiliki wa zamani bado wanalipa ada inayopandishwa hatua kwa hatua.

Karibu na bahari, uharibifu wa upepo nao mara nyingi hutengwa na kuwekewa bima yake. Na kuna tetemeko la ardhi, ambalo wageni wengi hawalitarajii. Agosti 31, 1886, Charleston lilipigwa na tetemeko lililoua takriban watu 60. Vichwa vya vyuma vinavyoonekana kwenye kuta za nyumba za kale, ambavyo mgeni huvidhania kuwa mapambo, ni ncha za fito zilizopitishwa ndani ya majengo kuzifunga kuta zisitengane. Tetemeko nalo halimo katika bima ya kawaida.

Kuhusu kodi ya majengo, jambo moja linatosha kukumbukwa. South Carolina hutoza nyumba anayoishi mwenyewe kwa msingi wa asilimia 4 ya thamani yake, na nyumba nyingine asilimia 6. Pia sheria huzuia thamani hiyo isipandishwe kwa zaidi ya asilimia 15 katika kila tathmini ya miaka mitano, lakini kinga hiyo huisha nyumba inapouzwa. Kwa hiyo kodi aliyokuwa akilipa mzee aliyeishi humo miaka 30 si kodi atakayolipa mgeni.

Wapangaji je?

Wahamiaji wengi hawataanza kwa kununua, wala hawataanza kwenye rasi. Wenye kipato cha kiwandani huelekea zaidi North Charleston, ambayo ni manispaa nyingine kabisa iliyoanzishwa mwaka 1972. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walipochunguza kumbukumbu za mahakama za mwaka 2016, waliikuta ikiongoza miji mikubwa yote ya Marekani kwa wapangaji kuondolewa kwenye nyumba: zaidi ya kaya 16 kati ya kila 100 zinazopanga.

Sehemu ya sababu imo katika mkataba wenyewe. Chini ya sheria za jimbo hilo, kodi ya nyumba ikichelewa siku tano, mwenye nyumba anaweza kuanza hatua za kumwondoa mpangaji, na kama mkataba una kifungu maalumu kinachosema hivyo, halazimiki kumpa onyo jingine. Anayetoka katika majimbo ya kaskazini, ambako baadhi ya sheria humpa mpangaji muda mrefu zaidi, anapaswa kukisoma kifungu hicho kabla ya kutia saini, na kama Kiingereza cha mikataba kinamtatiza, asaidiwe na mtu asiye na faida katika mkataba huo.

Gati la Gadsden

Ipo sehemu ya ardhi hii ambayo haihesabiwi kwa dola. Wanahistoria hukadiria kuwa takriban asilimia 40 ya Waafrika walioletwa utumwani katika nchi ambayo leo ni Marekani walishushwa Charleston. Wengi walitoka Afrika Magharibi na eneo la Kongo na Angola, na baadhi hata Msumbiji. Kuanzia mwaka 1806 jiji liliamuru meli za watumwa zishushe watu kwenye Gati la Gadsden, hadi uingizaji huo ulipopigwa marufuku mwaka 1808. Juni 2023 Jumba la Kimataifa la Makumbusho la Wamarekani Weusi lilifunguliwa mahali hapo. Jengo lake limeinuliwa juu ya nguzo, takriban mita nne kutoka chini, ili ardhi ile iachwe wazi.

Ni watu hao waliolima mpunga uliolitajirisha jiji, na wengi wao walikuwa na ujuzi wa zao hilo kutoka kwao. Wajukuu wao, Wagullah Geechee, bado wanaishi katika pwani hiyo na wana lugha yao, ambayo mwanaisimu Lorenzo Dow Turner alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1949 jinsi ilivyojaa maneno ya Kiafrika. Mzungumzaji wa Kikongo atalitambua neno lao la karanga, kwa kuwa linatokana na nguba.

Anayehamia Charleston leo anaingia katika kisa hicho kikiwa kinaendelea. Mwaka 1980 watu weusi walikuwa karibu nusu ya wakazi wa jiji. Katika sensa ya 2020 walikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Barabara kuu zilizojengwa katika miaka ya 1960 zilikata mitaa yao. Moja ya barabara hizo, inayojulikana kwa mafuriko yake, leo ina jina la Septima Clark, mwalimu mweusi na mpigania haki aliyezaliwa jijini humo. Makazi ya umma ya Gadsden Green, upande wa magharibi wa rasi, yalijengwa juu ya kinamasi kilichofukiwa, na hadi leo watoto huko hukanyaga maji ya bamvua.

Nje ya jiji, tatizo ni la mirathi, na msomaji wa Afrika Mashariki atalielewa haraka. Baada ya utumwa kukomeshwa, familia nyingi za weusi zilinunua mashamba na kuyarithisha bila wosia, hivyo kila mjukuu akawa na sehemu isiyogawanywa. Kwa miaka mingi ilitosha mwekezaji anunue sehemu ya ndugu mmoja aliye mbali, kisha aiombe mahakama iamuru shamba zima liuzwe. Sheria iliyoanza kutumika Januari 2017 huwapa ndugu wengine nafasi ya kwanza ya kuinunua sehemu hiyo. Imepewa jina la Clementa Pinckney, seneta wa jimbo na mchungaji aliyeuawa pamoja na waumini wanane ndani ya kanisa la Emanuel jijini Charleston, Juni 17, 2015, na kijana mzungu aliyefanya hivyo kwa chuki ya rangi.

Hayo si sababu ya kutohamia. Kwa maoni ya mwandishi huyu, Mwafrika ana haki ya kuishi pale kuliko wengi. Lakini kiwanja cha bei nafuu kando ya kinamasi kinastahili maswali mawili, si moja: maji hufika wapi, na kabla ya kuuzwa kilikuwa cha nani.

Kwa anayetaka kwenda kutazama, miezi ya Septemba hadi Novemba ndiyo ya bamvua kubwa, na ratiba za maji kujaa hutangazwa mapema. Afike mtaani saa ile ile ya kujaa, si saa aliyopangiwa na dalali. Aangalie alama za maji ukutani, atembee hadi anakoweza kufika bila kuvua viatu, kisha amuulize jirani gari lake hulilaza wapi usiku kama huo. Kabla ya dhoruba kubwa, jiji hufungua baadhi ya maegesho yake ya ghorofa bila malipo kwa ajili ya wakazi wa rasi, na nafasi hizo huwahiwa.