Kwa Nini Liyongo Hajasahaulika

Je, ungekubali uhai usio na mwisho ikiwa bei yake ni kusahauliwa na kila mtu? Swali hilo ndilo kiini cha The Invisible Life of Addie LaRue, riwaya ya V. E. Schwab iliyotoka mwaka 2020. Addie, msichana wa Ufaransa, anapatana na mungu wa giza mwaka 1714. Hafi, lakini kila anayekutana naye humsahau mara tu akimpa kisogo.

Pwani yetu ina kisa kilichokwenda kinyume. Karibu na Kipini, Mto Tana unapoingia baharini, wenyeji wa Ozi huonyesha kaburi linalosemekana kuwa la Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa mji wa Shaka. Wataalamu wanapishana kwa karne kadhaa kuhusu zama zake.

Masimulizi yanasema mkuki wala mshale haukumdhuru. Kilichoweza kumuua ni sindano ya shaba, tena ikichomwa kitovuni. Mfalme wa Pate, akihofia kupokonywa kiti, alimrubuni mwana wa Liyongo kwa ahadi ya kumwoza bintiye. Kijana akaidadisi siri hiyo, kisha akamchoma babake usingizini. Liyongo akazinduka, akatwaa uta, akapiga goti karibu na kisima, mshale tayari, akakata roho vivyo hivyo. Watu wakashinda na kiu, hakuna aliyethubutu kuteka maji, wakidhani yu hai.

Mwili wake ulilindwa na siri, na siri ilipomfikia mtu mmoja asiyestahili, ulinzi ukaisha. Jina lake lilisalimika kwa sababu halikufichwa: kila aliyelipokea alilitia mkono wake.

Njia zilizolihifadhi ni tatu. Kwanza ni ngoma. Kabla ya kuuawa, alipokuwa kifungoni, aliletewa tupa ndani ya mkate wa wishwa. Akawaimbisha watu gungu, na kishindo cha ngoma na matuazi kikafunika mlio wa tupa ikikata pingu. Gungu ilikuwa ngoma ya arusi, na utungo ulioingia arusini ulifufuliwa na kila arusi mpya.

Pili ni takhmisa. Mshairi huchukua mishororo miwili ya mwenzake, akaitangulizia mitatu yake, ubeti ukawa wa mitano. Ndivyo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alivyolifanyia shairi linalonasibishwa na Liyongo. Ukimsoma mmoja, unawasoma wote wawili.

Tatu ni maandishi. Edward Steere alichapisha kisa hiki katika Swahili Tales mwaka 1870, na mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu akakitungia utenzi.

Tazama sasa Ungwana, mji wa mawe ulio karibu na Kipini, uliochimbuliwa na James Kirkman. Kuta za misikiti zimesalia, lakini ni nani leo awezaye kuwataja waashi wake? Hata Schwab ameona kwamba kinachopita mikononi mwa wengine ndicho kinachodumu: Addie asiyekumbukwa hudumu ndani ya picha na nyimbo za wasanii aliowagusa.

Hata hivyo, kitabu huhifadhi maneno tu. Mahadhi ya gungu yanataka koo na ngoma. Anayetaka Liyongo aendelee kuishi Kipini asianzie kaburini. Amtafute bibi anayezijua nyimbo hizo, amketishe na wajukuu, na asiwaachie mpaka waziimbe bila kusaidiwa.