Acha Donge Likae: Damu na Kupona Baada ya Kung'oa Gego la Mwisho

Mtu ameng'olewa gego la mwisho saa nne asubuhi. Anatoka kwa daktari shavu zito kwa ganzi, pamba aliyoiuma karibu kukauka, anarudi nyumbani akijua shughuli imekwisha. Saa nane mchana mdomo unajaa damu upya. Nyumba nzima inakuwa ya waganga: huyu analeta maji ya chumvi asukutue, yule anasogeza beseni na kumhimiza ateme mpaka damu chafu iishe. Wote wanamtakia heri, na wote wawili wanaharibu kazi iliyofanyika asubuhi.

Damu ile ya mchana ina sababu yake. Dawa ya ganzi inayotumiwa sana kwenye meno, lidokeini, mara nyingi huchanganywa na adrenalini kidogo. Adrenalini hubana mishipa midogo ya damu ili ganzi ikae muda mrefu pale ilipochomwa, na ili daktari aone anachokifanya. Nguvu yake ikiisha baada ya saa chache, mishipa hulegea, na jeraha lililoonekana limetulia linaanza kuvuja. Si lazima daktari awe amekosea.

Tena gego hili si jino la kawaida. Huota mara nyingi kati ya umri wa miaka 17 na 25, taya likiwa limeshajaa. La chini ndilo lenye matata zaidi: hukosa nafasi, likalala ubavu na kumsukuma jirani yake, au likabaki nusu limefunikwa na ufizi. Kulitoa huenda kukamlazimu daktari kupasua ufizi, kupunguza mfupa na kulikata jino vipande. Ni upasuaji mdogo, ila ni upasuaji.

Jino likitoka, linaacha tundu ndani ya mfupa wa taya, na tundu hilo hujaa damu. Chembe sahani za damu hukimbilia kwenye mishipa iliyokatika, zikashikamana na kuziba. Kisha protini iitwayo fibrini hufuma nyuzinyuzi zinazozinasa chembe hizo pamoja na chembe nyekundu, na donge linapatikana. Donge hilo halifanyi kazi ya kizibo peke yake. Linafunika mfupa na ncha za neva, na nyama mpya huota kwa kupita ndani yake. Hakuna bandeji ya dukani inayoweza kazi hiyo, wala daktari hana njia ya kulitengeneza kwa mikono yake. Anachoweza ni kumwomba mgonjwa asilifukuze.

Shida ni kwamba kinywa ni mahali pabaya pa kulitunza. Ulimi haukai, na mate yenyewe yana uwezo wa kuyeyusha fibrini. Ndiyo maana mtu mwenye hemofilia, ambaye damu yake haigandi sawasawa, anaweza kuvuja kwa siku kadhaa baada ya kung'olewa jino moja tu. Dawa inayomsaidia inatoka Japani, ambako Utako Okamoto na mumewe Shosuke, watafiti wa damu, walitangaza mwaka 1962 asidi ya traneksamiki. Haigandishi damu, inazuia donge lililokwisha kupatikana lisiyeyuke. Madaktari wa meno wamekuwa wakiitumia kama dawa ya kusukutua, au kwa kulowesha shashi inayoumwa. Lengo la Utako Okamoto tangu mwanzo lilikuwa kuwaokoa wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua, na jambo hilo lilikuja kupimwa kwa upana katika utafiti uliotangazwa mwaka 2017, wenye wanawake 20,060 kutoka nchi 21, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwemo. Ilionekana kwamba ikitolewa mapema inapunguza vifo vya kuvuja damu. Utako alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Turudi kwa mgonjwa wetu wa saa nane mchana. Aketi wima, asilale. Akunje shashi safi, au kitambaa safi kama hana shashi, iwe nene ya kutosha kukaa juu ya tundu lenyewe, kisha aiume kwa nguvu kwa nusu saa nzima. Nusu saa kwa saa ya ukutani, si kwa kukisia, na bila kufungua mdomo kila dakika kuchungulia, kwa kuwa kila kuchungulia kunabandua kilichoanza kushika. Kifuko cha majani ya chai kilicholoweshwa na kupozwa nacho kinafaa kuumwa: tanini iliyomo kwenye chai hukaza tishu na kusaidia damu kushika. Damu kidogo inayopaka mate rangi inaweza kuendelea kwa saa 24, na hiyo isimtishe mtu. Tone moja la wino linatosha kuchafua bilauri nzima ya maji, na mate ni hivyo hivyo.

Kutema ndiko kunakohitaji kukemewa. Kutema, kusukutua, kunyonya kinywaji kwa mrija na kuvuta sigara vyote huzua mvuto ndani ya mdomo unaoweza kuling'oa donge. Sigara ina kosa la pili, maana nikotini hubana mishipa inayoleta damu kwenye jeraha. Mate yamezwe, hata yakiwa na ladha ya damu. Kwa anayefunga Ramadhani hili ni gumu, kwa sababu atachelea kumeza damu na atatema kutwa. Kama jino si la dharura, ni busara kulipangia siku nyingine, au kwenda jioni baada ya kufuturu pale huduma inapopatikana. Maji ya chumvi ya nyumbani si adui. Yasubiri tu saa 24 zipite, kisha nusu kijiko cha chai katika glasi ya maji ya vuguvugu, yazungushwe taratibu mdomoni na kuachwa yadondoke yenyewe.

Donge likitoka mapema au likiyeyuka, mfupa unabaki wazi. Daktari wa meno aitwaye Crawford alilieleza tatizo hili katika maandishi ya udaktari wa meno mwaka 1896, na mpaka leo linajulikana kama tundu kavu. Linajitambulisha kwa tabia yake: maumivu yaliyokuwa yanapungua yanarudi kwa kishindo kati ya siku ya pili na ya nne, yanapanda hadi sikioni, na mdomo unatoa harufu mbaya. Hutokea zaidi taya la chini, kwa wavutaji sigara, na kwa wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Daktari huliosha tundu na kulijaza dawa ambayo mara nyingi ina eujenoli, kiungo kikuu cha mafuta ya karafuu. Wazee wa Pemba na Unguja hawakukosea, basi, kuitafuta karafuu jino linapouma. Ila mafuta yenyewe yakimiminwa moja kwa moja kwenye jeraha huunguza nyama. Mwachie daktari apime.

Kuna kitu kingine kinachowachanganya wengi. Siku ya tatu hivi utando mweupe wa manjano hufunika tundu, na mtu akijitazama kwenye kioo husema ni usaha, akachukua kijiti cha meno akaukwangua. Mara nyingi ni fibrini na nyama changa inayoota. Auache. Uvimbe wa shavu hufika kileleni kati ya saa 48 na 72, kisha hushuka. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20 kwa zamu, husaidia siku ya kwanza. Ufizi hufunga kwa wiki chache, mfupa huchukua miezi. Chakula kiwe laini na kisiwe cha moto: uji uliopoa, mtori, mtindi, ndizi za kuponda. Bisi, karanga na pilipili vingoje.

Kwa maumivu, parasetamoli na ibuprofeni zikitumiwa pamoja hushinda kila moja peke yake, kwa asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa hizo, au ujauzito. Jambo hili limepimwa sana, kwa kuwa watafiti wa dawa za maumivu wamezoea kuzijaribu kwa vijana waliotoka kung'olewa magego haya. Aspirini usijitibu nayo. Inazima chembe sahani kwa maisha yao yote, siku saba hadi kumi, na imo ndani ya vidonge kadhaa vya mchanganyiko vinavyouzwa madukani, kwa hiyo soma kasha. Aliyeandikiwa aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda kwa ajili ya moyo asiiache kwa uamuzi wake. Amwambie daktari wa meno kabla ya kuketi kwenye kiti. Aseme pia kama aliwahi kuvuja damu kupita kiasi alipotahiriwa, alipojifungua au kila mwezi.

Ukiuma shashi nusu saa, ukarudia nusu saa nyingine, na damu bado inajaa mdomoni, nenda hospitali. Nenda pia ukipata homa, au uvimbe ukizidi baada ya siku ya tatu. Na ukishindwa kumeza mate yako, uvimbe ukishuka chini ya kidevu au pumzi ikibana, usingoje kupambazuke: maambukizi ya sakafu ya mdomo yanaweza kuziba njia ya hewa kwa saa chache.