Mwaka Usiotaja Kalenda Yake

Pesa za shaba alizotoa Sultani Barghash wa Zanzibar zina picha ya mizani upande mmoja, na pamoja nayo mwaka 1299 kwa tarakimu za Kiarabu. Aliyezoea Hijria hapati taabu: mwaka huo ulianza Novemba 1881 ukaisha Novemba 1882, ndani ya utawala wa Barghash wa 1870 hadi 1888. Kompyuta haina mazoea hayo. Mtunza kumbukumbu akiandika 1299 kwenye kisanduku cha mwaka, programu itaipokea, kisha itaiweka pesa hiyo miaka 32 kabla ya safari ya Ibn Battuta kufika Kilwa mwaka 1331, na karibu karne mbili kabla ya Wareno kuonekana katika pwani hii. Hakuna onyo litakalotokea, maana mashine imepewa namba na imehifadhi namba. Kosa lilifanyika mapema zaidi, pale aliyebuni kisanduku alipodhani kuwa dunia nzima inahesabu miaka kuanzia mahali pamoja.

Nashikilia kwamba programu yoyote ya kutunza kumbukumbu za nchi yetu ihifadhi jina la kalenda kando ya kila mwaka. Si dai la ajabu. Zipo kalenda za ukutani zinazoonyesha tarehe za Hijria na za Miladia katika kisanduku kimoja cha siku, na wanunuzi huzisoma zote mbili bila kuchanganyikiwa. Wala watengeneza programu hawawezi kusema hawana nyenzo. Lugha ya Java, tangu toleo lake la 8 la mwaka 2014, inazo tayari kalenda za Hijria, za Japani na za Thailand, na orodha ya Unicode ambayo simu na kompyuta hutegemea kuandika tarehe ina KK na BK kwa ajili ya Kiswahili. Japani ilipoanza kuhesabu miaka kwa enzi mpya ya Reiwa tarehe 1 Mei 2019, jina la enzi hiyo lilikuwa limetangazwa mwezi mmoja tu kabla, na bado mifumo ilirekebishwa. Walifanya hivyo kwa sababu waliona ni jambo lao. Sisi bado hatujaliona kuwa letu.

Wapo watakaosema: badilisha kila mwaka uwe wa Miladia siku ya kuuingiza, mambo yaishe. Hoja hiyo ina uzito, kwani bila kipimo kimoja huwezi kupanga vitu kwa mfuatano. Lakini tazama maandishi ya Kikufi katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, yanayotaja Dhulqaada ya mwaka 500 Hijria. Mwaka 500 peke yake umegawanyika kati ya 1106 na 1107. Ni mwezi uliotajwa unaotufikisha 1107. Karani akiandika 1107 tu, atakayekuja baadaye hatajua kama namba hiyo ilisomwa ukutani au ilikokotolewa, na hesabu ikikosewa hana pa kurudi. Ukitaka siku kamili, ugumu unazidi. Kompyuta zina kanuni kadhaa za Hijria, ikiwemo Umm al-Qura ya Saudi Arabia, na zinaweza kupishana siku moja. Huku kwetu mwezi huandama kwa kuonekana, ndiyo maana kalenda iliyochapwa Januari haiwezi kuapa siku ya Idi. Kwa hiyo mwaka wa Miladia uwepo, ila usimame kama tafsiri kando ya ulichokisoma, pamoja na siku ya mapema kabisa na ya mwisho kabisa inayowezekana.

Wengine watauliza gharama. Ni kweli, mashine ya risiti ya duka la vitenge haihitaji Hijria, na sioni sababu ya kuibebesha. Ninazungumzia nyaraka, misikiti, makaburi, hati za wakfu, na vitu vya makumbusho, ambako safu mbili tatu za ziada ni kazi ndogo zikiwekwa mwanzoni na mateso makubwa zikidaiwa baada ya kumbukumbu elfu kumi kuingizwa.

Makumbusho ya Taifa pale Kivukoni, mtaa wa Shaaban Robert, yanaonyesha upande mwingine wa jambo hili. Humo limehifadhiwa fuvu la Zinjanthropus, aliloligundua Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Excel huanza kuhesabu tarehe mwaka 1900. PostgreSQL, mfumo wa kanzidata unaoheshimika sana, ukirudi nyuma huishia 4713 KK. Hapo hata KK haisaidii, na kuandika tarehe ya uongo ili kisanduku kikubali ni kuharibu kumbukumbu. Fuvu hilo linataka umri kwa miaka, kiasi cha makisio juu na chini, na njia iliyotumika kuupata, ambayo mwaka 1961 ilikuwa kupima potasiamu na agoni katika tabaka za volkano za Olduvai.