Asili na Safari za Jina la Ukoo Washington

Jina la mtu ni neno kama maneno mengine: lina mzizi, lina viungo, na matamshi yake hubadilika kadiri miaka inavyopita. Lakini lina jambo moja lililo lake peke yake. Humilikiwa; hurithiwa kama shamba; tena laweza kunyimwa mtu, au kutwaliwa na mtu aliyenyimwa. Wanafunzi wetu hukutana na jina Washington katika vitabu vya historia na katika ramani, nao huuliza maana yake. Yafaa mwalimu awe na jawabu, maana katika jina hili moja twaweza kuona jinsi majina ya koo za Waingereza yalivyozaliwa, jinsi yalivyovuka bahari, na jinsi yalivyowafikia watu ambao wazee wao hawakutoka Uingereza kamwe.

Kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, desturi ya Waingereza ilikuwa kila mtu kuwa na jina moja tu, kama Alfred au Edith. Watu wawili wa jina moja wakikaa mahali pamoja, mmoja aliongezewa neno la kumpambanua. Maneno hayo ya kuongezwa yalikuwa ya namna nne: la baba, kama Johnson, yaani mwana wa John, la kazi, kama Smith, yaani mhunzi, la sifa ya mwili au tabia, kama Short, yaani mfupi, na la mahali alikotoka mtu. Watu wa pwani yetu wataelewa haya upesi, kwa kuwa nao husema Ali bin Juma, husema Fundi Saidi, na humwita mtu Mmanga au Mpemba kwa sababu ya kwao. Tofauti ni hii: kwetu neno la kuongezwa mara nyingi hufa pamoja na mwenyewe, lakini kwa Waingereza, hasa kati ya karne ya 12 na ya 14, lilianza kuganda, likawa la mtoto na la mjukuu, hata mtoto wa mshona viatu akaitwa Smith asiwe mhunzi wala asijue kushika nyundo.

Washington ni la namna ile ya nne. Ni jina la mahali palipokuwa kijiji kaskazini-mashariki ya Uingereza, katika nchi ya kale ya Durham, karibu na mto Wear. Mwanafunzi ajuaye Kiingereza kidogo hudhani kwamba neno hili latokana na kuosha au kufua, kwa kuwa sauti zafanana. Sivyo. Ni neno la Kiingereza cha kale, nalo lina viungo vitatu. Cha kwanza ni jina la mtu, Hwaessa, mtu wa zamani ambaye hatukuachiwa habari zake ila jina. Cha pili ni kiungo cha kuonyesha mali au uhusiano, kama -a yetu ya 'shamba la', 'watu wa'. Cha tatu, kile kilichosalia leo kuwa 'ton', maana yake ya kwanza ni ua, kisha mahali palipozungushiwa ua, kisha shamba na makao. Basi maana yake yote ni 'makao ya Hwaessa'. Sisi tungesema 'Kwa Hwaessa', kama tusemavyo Kwa Mkono katika nchi ya Uzigua.

Mahali pakageuka kuwa ukoo kwa njia hii. Katika kitabu cha mashamba ya Askofu wa Durham kilichoandikwa mwaka 1183, twamwona bwana mmoja, William wa Hertburn, ambaye ameubadili mji wake wa Hertburn kwa kupewa Washington. Kwa kuwa amehama, na jina lake likahama: akaitwa William de Wessyngton. Neno hilo 'de' ni la Kifaransa cha Wanormani, nalo ni kiunganishi tu, sawa na 'wa' yetu. Maadamu 'de' ilikuwapo, jina lilieleza kweli: huyu ni mtu wa mahali fulani. Baadaye 'de' ilidondoka, na neno lililokuwa la nchi likawa la mtu. Maandishi nayo hayakuwa na kanuni moja. Waandishi waliandika Wessyngton, au Wassyngton, hata mwisho likakaa Washington. Mwalimu asishangae basi akiona hati za kale zikitofautiana. Si watu mbalimbali, ni kalamu mbalimbali.

Watu wa ukoo huu walienea. John Wessington alikuwa mkuu wa watawa wa Durham tangu 1416 hata 1446. Tawi lingine lilishuka Lancashire, na kutoka huko Lawrence Washington akaja Northampton kufanya biashara ya sufu, akawa meya wa mji mwaka 1532. Mfalme Henry wa Nane alipovunja nyumba za watawa na kuuza ardhi zao, Lawrence alinunua shamba la Sulgrave mwaka 1539, akajenga nyumba ambayo ingali imesimama hata leo. Wakati huo jina lilikuwa halina tena habari ya Durham. Wenye nalo walikuwa mbali sana na kijiji chenyewe.

Sababu ya kuvuka bahari ilikuwa vita na umaskini. Kitukuu wa mnunuzi huyo wa Sulgrave, naye Lawrence, alikuwa kasisi wa Purleigh katika Essex. Mwaka 1643, Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge walipokuwa wakipigana, watu wa Bunge walimwondoa katika usharika wake, wakimshtaki kuwa ni mtu wa kushinda vilabuni. Akafa hana kitu. Mwanawe John akatafuta riziki baharini, akaenda Virginia katika merikebu ya kuchukua tumbaku. Mwaka 1657 merikebu ilikwama katika mto Potomac. John akabaki nchi kavu, akamwoa Anne Pope, binti wa mwenye mashamba, akawa naye mwenye mashamba. Kitukuu wa John ndiye George Washington, aliyezaliwa 1732, akaongoza majeshi ya Marekani katika vita vya kujitenga na Uingereza, akawa rais wa kwanza tangu 1789 hata 1797.

Hapo jina likafanya jambo la ajabu: lilirudi kuwa la mahali. Mwaka 1791 mji mkuu mpya uliitwa Washington, na mwaka 1889 jimbo la upande wa magharibi likaingia katika Muungano kwa jina hilo hilo. Tena likawa jina la kwanza la kupewa watoto, desturi iliyofika hata kwetu: Washington Okumu, Mkenya aliyesaidia kupatanisha vyama vya Afrika ya Kusini mwaka 1994, alilichukua hivyo. Lakini George mwenyewe hakuzaa mtoto hata mmoja.

Je, wenye jina hili leo huko Marekani ni akina nani? Katika hesabu ya watu ya mwaka 2000 walionekana 163,036 wenye jina la ukoo Washington, na katika kila mia moja wapatao tisini walikuwa watu weusi. Ukoo wa mabwana wa Durham umekuwa, kwa hesabu, ukoo wa wana wa Afrika. Jambo hili lataka kuelezwa.

Mashamba ya Virginia yalilimwa na watumwa. George Washington alipokufa mwaka 1799 walikuwapo watumwa 317 shambani kwake Mount Vernon. 123 walikuwa mali yake mwenyewe, na wengi wa waliobaki walikuwa wa urithi wa jamaa ya mume wa kwanza wa mkewe. Katika wasia wake aliagiza hao 123 wafunguliwe, nao walipata uhuru mwanzo wa 1801. Mtumwa kwa sheria hakuwa na jina la ukoo. Katika hesabu za 1850 na 1860 serikali iliandika jina la bwana, na chini yake umri, jinsia na rangi ya kila mtumwa, jina hapana. Lakini kutoandikwa si kutokuwapo. Wengi walikuwa na majina ya ukoo waliyoyatumia wao kwa wao, bwana asijue au asijali.

Mmoja wao ni Harry. Alizaliwa Gambia, akanunuliwa na George Washington mwaka 1763. Mwaka 1776 alitoroka akajiunga na Waingereza, kwa kuwa waliahidi uhuru kwa watumwa wa waasi. Vita vilipokwisha mwaka 1783, Waingereza waliandika kitabu cha weusi waliokuwa wakiondoka New York, na ndani yake yumo Harry Washington. Akaenda Nova Scotia, na mwaka 1792 akapanda merikebu pamoja na watu wapatao 1,200 kwenda Sierra Leone. Huko, mwaka 1800, alikuwa miongoni mwa walioiasi kampuni iliyotawala, wakilalamika juu ya kodi ya ardhi, akahukumiwa kufukuzwa. Basi jina lililotoka Durham liliingia Afrika likichukuliwa na Mwafrika aliyerudi, naye alipinga utawala kama bwana wake wa zamani alivyoupinga.

Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, watu milioni nne walihitaji majina ya kuandikwa: katika mikataba ya kazi, katika ndoa, katika shule. Wengine walidumu na jina la bwana, wengine walilikataa, wengine walitangaza lile walilokuwa nalo kwa siri, wengine walifanya jina la kwanza la baba kuwa la ukoo, wengine walichagua jina la mtu mashuhuri. Booker, aliyezaliwa utumwani Virginia mwaka 1856, ameeleza katika kitabu chake cha 1901 kwamba alipoingia shule aliwasikia wenzake wakiitwa kwa majina mawili au matatu, naye alikuwa na moja tu. Zamu yake ilipofika, alimjibu mwalimu kwa utulivu kwamba yeye ni Booker Washington. Baba yake wa kambo aliitwa Washington kwa jina la kwanza. Baadaye akajua kwamba mama yake alikuwa amempa pia jina Taliaferro, akaliweka katikati. Huyo ndiye aliyeongoza shule ya Tuskegee tangu 1881, ambayo mafundisho yake ya kazi yalisifiwa na tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924, na kufuatwa katika shule ya Jeanes ya Kabete iliyoanzishwa 1925.

Kwa hiyo tusiseme kwamba wenye jina moja ni wa damu moja. Wengi wa hao Washington hawana udugu na George, wala wazee wao hawakuwa watumwa wake.

Nasi tunao mfano wetu. Wayao wawili walioteuliwa kwenda na Livingstone katika safari yake ya mwisho walikuwa wamekombolewa katika utumwa na kufundishwa Nasik, Bara Hindi. Mmoja akaitwa Jacob Wainwright, na Wainwright maana yake ni fundi wa magari ya kukokotwa, kazi isiyokuwapo Uyaoni. Wa pili akaitwa Matthew Wellington, na Wellington ni jina la mji wa Somerset. Jina lake la Kiyao lilikuwa Chengwimbe. Majina hayo waliyachukua kwa heshima mpaka kufa kwao, la kwanza huko Urambo, la pili Mombasa mwaka 1935. Lakini anayetafuta leo nasaba ya Wainwright hatapata neno hata moja juu ya wazazi wake katika jina hilo.

Hapa pana neno kwa walimu na makasisi. Sisi ndio wenye daftari. Mtoto akija shuleni, au mtu akija kubatizwa, tunaloliandika ndilo litakaloaminiwa na wajukuu wake. Tusifupishe jina kwa sababu ni gumu kuandika, wala tusilibadili kwa lile tulilolizoea. Tumwulize mwenyewe, tumwulize na mzazi: jina la kwao ni lipi, nani alimpa, na lina maana gani; kisha tuyaandike yote. Jina jipya na liandikwe, na la zamani lisifutwe. Wino wa mstari mmoja ni gharama ndogo, na kwa watu wengi wa Marekani mstari huo ndio waliokosa.