Donnybrook: Jina la Kanisa Lililogeuka Timbwili

Kuna neno la Kiingereza ambalo wengi wetu hatukufundishwa darasani: donnybrook. Ukilikuta kwenye gazeti la Kanada au Marekani, hasa kurasa za hoki ya barafuni, ujue ngumi zimepigwa, tena si za watu wawili. Ni timbwili la kundi zima, kila mtu na wake, na aliyelianzisha hajulikani. Sisi tungesema varangati.

Kilichonivuta mimi ni kwamba Donnybrook ni mahali. Ni kitongoji cha jiji la Dublin, Ireland, na kwa lugha ya wenyewe kinaitwa Domhnach Broc, yaani kanisa la Broc, mtakatifu wa zamani. Hebu fikiria, jina la kanisa limeishia kuwa jina la kutwangana!

Ilikuwaje? Mwaka 1204 Mfalme John wa Uingereza aliwapa watu wa Dublin kibali cha kufanya gulio hapo kila mwaka. Mwanzoni lilikuwa la siku 8, baadaye zikafika 15. Watu walileta farasi, ng'ombe na mazao. Lakini miaka ilivyosonga biashara ikafifia, starehe ikashika usukani: mahema ya pombe, fidla, kucheza mpaka usiku wa manane. Kufikia karne ya 19, rungu la mti mgumu lilikuwa halikosekani. Na akina dada mnisikilize hapa: gulio hilo lilisifika pia kwa ndoa za chapchap. Watu wanakutana kwenye raha, mara haoo, mume na mke.

Sasa mbona Kiingereza kilichukua ngumi, kikaziacha harusi? Mimi nina jibu langu. Wakati huo Ireland ilikuwa chini ya Uingereza, na picha ya Mwairishi mlevi mwenye rungu iliwafurahisha sana wachora katuni wa London. Mama aliyekwenda kuuza siagi yake na kurudi nyumbani salama, nani angemchora?

Wenyeji ndio waliokuwa wakiumia, maana fujo ilikuwa mlangoni kwao. Mwaka 1855 kamati ya wananchi ilichanga pauni 3,000, ikanunua haki ya gulio kutoka kwa familia iliyokuwa ikiimiliki, kisha ikaizika. Si mchezo, kulipa fedha zote hizo ili upate usingizi! Mwaka 1866 likafunguliwa kanisa jipya la Katoliki papo hapo Donnybrook.

Siku hizi ni mtaa wa wenye nazo, nyumba zake bei mbaya, na RTÉ, shirika la utangazaji la taifa, lina makao yake hapo. Neno nalo lipo kwenye kamusi, ila limeshanyang'anywa herufi kubwa.